MISHALE YAKO UNAIBEBAJE?

Somo letu la leo ni juu ya kubeba mishale. Wengine wenu mtauliza: mishale ya nini tena siku hizi, wakati nyama inauzwa sokoni Ifakara? Hebu subirini kidogo. Hapa Michenga na katika vijiji vya jirani upinde bado upo. Upo nyuma ya mlango. Upo kwenye paa, juu ya kitanda. Upo kwenye dungu shambani, wakati mpunga unapokomaa na nguruwe pori wanapoanza kuja usiku. Ndugu zetu Wasukuma waliohamia bonde hili la Kilombero na ng'ombe wao, nao ni watu wa upinde tangu kwao. Vikundi vya Sungusungu vilipoanza huko Usukumani na Unyamwezini, mwaka 1981 na 1982, silaha yao ilikuwa upinde na mishale.

Watu wakikaa kuzungumza juu ya upinde husifu shabaha. Fulani alilenga hivi, fulani alipiga vile. Juu ya kubeba mishale hakuna anayesema neno. Lakini fikirini wenyewe. Katika siku nzima porini au shambani, upinde huvutwa mara moja au mbili, na pengine usivutwe kabisa. Mishale hubebwa saa zote. Kwa hiyo ajali nyingi zinaweza kutokea wakati wa kubeba: mtu anajikwaa, anateleza kwenye matope, anainama kupita chini ya tawi, na chembe inaingia mwilini mwake au mwilini mwa mwenzake anayemfuata nyuma.

Kwanza tujikumbushe maneno, maana vijana wengi hawayajui. Mti au utete wa mshale huitwa wano. Chuma cha mbele ni chembe, na wengine husema kigumba. Nyuma kuna manyoya, yanayouongoza mshale uende sawa. Kamba ya upinde ni upote. Mfuko wa kutilia mishale ni podo, na wako wanaouita ziaka. Yaandikeni maneno haya katika madaftari yenu kabla ya kuendelea.

KUSHIKA MKONONI

Njia rahisi kuliko zote ni kushika mishale mkononi pamoja na upinde. Hivi ndivyo wafanyavyo sana Wahadzabe, wanaoishi karibu na ziwa Eyasi. Wahadzabe ni watu wachache, zaidi kidogo ya elfu moja, na wako kati yao ambao mpaka leo hupata chakula chao kwa kuwinda, kuchimba mizizi na kurina asali. Serikali imewaachia wawinde kwa ajili ya chakula chao. Mwanamume wa Kihadzabe akitoka asubuhi huwa na upinde wake mrefu na mishale michache. Mmoja una ncha ya mti tu, wa kupigia ndege. Mwingine una chembe ya chuma, ambayo mara nyingi ameifua mwenyewe kutokana na msumari. Ule wenye sumu ameuzungushia kipande cha ngozi.

Mbona yeye hasumbuliwi? Kwanza mishale yake ni michache. Pili nchi yake ni kavu na ya wazi kiasi, anaona anapokanyaga. Tatu amezoea tangu utoto. Tena njia hii ina faida kubwa: mshale uko tayari, hakuna kupapasa mgongoni, hakuna kelele.

Lakini bonde letu si Eyasi. Huku kwetu nyasi humpita mtu kimo. Masika yakija, mto Kilombero hufurika, na mtu hupita kwenye maji bila kuona shimo liko wapi. Akiteleza hapo, mkono hujaribu kushika kitu, na mishale iko kwenye mkono huohuo! Kwa hiyo sisi hatuwashauri kubeba mkononi, isipokuwa mshale mmoja, tena mkiwa mmekwisha simama mahali penu.

PODO LA MGONGONI NA PODO LA UBAVUNI

Wakamba na Wawata wa Kenya walikuwa mafundi wa podo. Podo lao lilikuwa la ngozi, la mviringo kama bomba, lina mkanda wa kuvaa begani, na lina kifuniko. Wawata waliwinda ndovu katika nchi ya Tsavo kwa pinde nzito ajabu. Kuvuta upinde wa namna ile kulihitaji nguvu ya zaidi ya kilo 45, yaani zaidi ya kuinua madebe mawili yaliyojaa maji. Mshale wao ulikuwa wa vipande viwili. Kipande cha mbele chenye chembe na sumu kilichomolewa, kikazungushiwa ukanda mwembamba wa ngozi. Ukanda huo ulifanya kazi mbili: ulizuia sumu isikauke na kubanduka, na ulimkinga mwenye mishale asijichome. Aliufungua alipokuwa karibu kupiga tu. Basi angalieni: watu wale hawakuwa waoga hata kidogo, walimkabili ndovu kwa mguu. Hata hivyo waliiogopa mishale yao wenyewe, na wakaifunika mara mbili, kwa ukanda na kwa kifuniko cha podo.

Podo si jambo la Afrika peke yake. Mwaka 1991, katika milima ya Alps huko Ulaya, mpakani mwa Italia na Austria, watu waliokuwa wakitembea milimani walikuta maiti ya mtu katika barafu. Wataalamu walipoipima walikuta ni ya mtu aliyekufa kiasi cha miaka 5,300 iliyopita. Alikuwa na podo la ngozi lenye mishale 14, na katika hiyo 12 ilikuwa haijamalizika kutengenezwa. Kando ya ngozi aliweka fimbo ili podo lisijikunje. Hilo la fimbo lishikeni, tutalihitaji hapo mbele. Mwaka 2001 picha za hospitali zilionyesha kuwa mtu huyo mwenyewe alikufa kwa mshale. Chembe yake ya jiwe ilikuwa bado iko begani.

Huko Marekani nako palikuwa na Mhindi Mwekundu mmoja aliyejulikana kwa jina la Ishi. Alitokea porini California mwaka 1911, wa mwisho katika watu wake, akaishi mpaka mwaka 1916. Podo lake lilikuwa la ngozi ya fisi maji, na manyoya ya ngozi yaliachwa nje. Ukiwaza utaona maana yake: ngozi yenye manyoya ikisuguana na majani haipigi kelele.

Podo la mgongoni hubeba mishale mingi na huiacha mikono yote miwili huru. Ubaya wake ni huu. Likipita chini ya matawi, hunasa. Mwenye kulivaa akiinama, na kifuniko hakuna, mishale humwagika mbele ya miguu yake. Tena ili autoe mshale ni lazima aupitishe mkono juu ya bega, na mnyama huona upesi kitu kinachosogea juu kuliko kilichotulia chini.

Podo la ubavuni ni lilelile, ila mkanda wake ni mrefu, unapita begani kwa kuume, na podo linakaa chini ya kwapa la kushoto au kiunoni. Likilegea huweza kugonga paja, basi lifungwe na ukanda wa pili kiunoni. Kwa maoni yetu hili ndilo podo la kufaa bonde letu. Unaliona, unalishika kwa mkono likitaka kunasa, na ukipita kwenye maji unaliinua tu. Wazee wengine watabisha, na wabishe. Jambo hili linafaa kujadiliwa katika kikundi.

Ziko njia nyingine ambazo tutazipitia upesi. Katika nchi za Ulaya na Marekani wawindaji wa siku hizi huifunga mishale minne au sita kwenye upinde wenyewe, chembe zikiwa ndani ya kikombe kigumu. Ni jambo zuri, ila upinde huwa mzito upande mmoja. Wapiga mishale wa Uingereza, katika vita vya Agincourt mwaka 1415, walihesabu mishale kwa mafungu ya 24, na walipofika mahali pao waliweza kuichomeka ardhini mbele ya miguu. Kwa askari anayesimama mahali pamoja inafaa. Kwa mtu wa kutembea haina maana.

TENGENEZA PODO LAKO

Tafuta mwanzi mnene uliokauka vizuri, au kipande cha bomba la plastiki ambalo mafundi wa maji wamelitupa. Ukitumia ngozi au turubai, mfuate yule mtu wa Alps: shonea fimbo ubavuni ili mfuko usimame. Chini weka kipande cha kandambili kuukuu, kilichokatwa kikaenea sawasawa. Kandambili ina kazi kubwa hapa. Chembe hukita ndani yake, mishale haichezi, na ule mlio wa kachakacha unaokimbiza kila kitu porini hausikiki. Toboa tundu dogo pembeni, karibu na kitako, ili maji ya mvua yatoke.

Chembe ikae chini, manyoya juu. Usibane mishale mingi mahali padogo, maana manyoya yakijikunja mshale hautakwenda sawa. Manyoya yakilowa ni hivyohivyo. Kwa hiyo kifuniko si pambo.

Urefu wa podo utaujua kwa hesabu ya kujumlisha. Pima mshale wako mrefu kuliko yote. Tuseme una sentimita 75. Kandambili ina sentimita 2. Ongeza sentimita 5 za nafasi chini ya kifuniko. Jumla ni sentimita 82. Mkanda tumia mpira wa ndani wa baiskeli uliopasuliwa; hauozi upesi kwa maji.

JUU YA SUMU

Katika miaka ya 1858 hadi 1863, daktari mmoja Mskoti, John Kirk, alisafiri na Livingstone katika mto Zambezi. Alikusanya mishale yenye sumu ya wenyeji. Siku moja alipiga mswaki, akasikia uchungu mdomoni, kisha akaona mapigo ya moyo wake yamepungua. Kumbe mswaki ulikuwa umegusana na ile sumu katika vitu vyake! Yeye alipona, na sumu ile ilipochunguzwa huko Ulaya ikapatikana dawa ya moyo iitwayo strofantini. Kirk huyu ndiye aliyekuwa baadaye balozi wa Waingereza Unguja, wakati soko la watumwa lilipofungwa mwaka 1873.

Kisa hiki wengine hukicheka. Lakini kama daktari, mtu msomi, aliweza kuweka sumu na mswaki pamoja, itakuwaje kwa mtoto wa miaka minne anayekuta mishale chini ya kitanda? Sumu ya mshale husimamisha moyo. Haichagui kati ya nguruwe na mtoto.

Msiweke sumu kwenye mishale. Hata sheria inakataza. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu kuwinda bila kibali wala kutumia silaha yenye sumu. Podo, hata likiwa zuri namna gani, halimpi mtu kibali. Kumbukeni pia kwamba tumezungukwa na hifadhi. Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa ilianzishwa mwaka 1992, na mwaka 2023 sehemu ya bonde letu ilitangazwa kuwa Pori la Akiba Kilombero. Kuingia huko na upinde ni kosa, hata kama hujapiga kitu. Na yule sheshe, mnyama aliyelipa bonde hili sifa duniani, amepungua sana. Nguruwe wakizidi shambani, mwambieni mtendaji wa kijiji amwite ofisa wanyamapori.

Nyumbani, podo litundikwe juu, mahali ambapo mtoto hafiki hata akipanda kiti, kifuniko kikiwa kimefungwa kwa kamba. Upinde utundikwe mahali pengine, upote ukiwa umelegezwa.

Mtu akichomwa, msiuchomoe mshale. Chembe yenye miiba huingia kwa njia moja na kutoka kwa kupasua. Uzuieni usicheze kwa vitambaa pande zote mbili, mlazeni mtu, asitembee, mpelekeni mara moja Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, Ifakara, au kituo cha afya kilicho karibu. Mkihisi kuna sumu, mwambieni daktari wazi, msione haya wala msiogope polisi. Kuficha hapo ni kumwua mwenzenu.

KAZI YA KIKUNDI

1. Mshale mrefu wa Mzee Fulani una sentimita 83. Kandambili yake ina sentimita 3, na anataka nafasi ya sentimita 4 juu. Podo lake liwe na urefu gani?

2. Kila mmoja aseme mishale ya nyumbani kwake iko wapi usiku wa leo, na ni nani katika nyumba hiyo anayeweza kuifikia.

3. Podo la mgongoni na podo la ubavuni: kikundi chenu kinachagua lipi kwa mtu anayekwenda dunguni wakati wa masika? Andikeni sababu zenu kwa sentensi tano, mzilete kwa mwalimu wenu.