Somo la TEHAMA: Kusimamia Simu za Ofisi Kutoka Mbali

Mkazi anapopiga simu ofisi ya wadi kuulizia leseni ya biashara au fomu ya basari, na simu isipokelewe, hudhani karani hayuko kazini. Huenda karani yuko mezani pake na simu iko mbele yake, ila imepoteza mawasiliano na seva tangu umeme ulipokatika juzi. Haiwezi kulia, na makao makuu hayana habari. Fundi atafika gari litakapopatikana. Kwa mkazi huyo, ofisi imefungwa.

Kaunti, shule, vyama vya ushirika na hospitali nyingi sasa hutumia simu za intaneti. Somo hili linaeleza jinsi simu hizo zinavyoweza kusimamiwa kutoka chumba kimoja, hatua za kufuata, na hatari ambazo mlipa kodi anapaswa kuzifahamu.

Simu ya intaneti hufanyaje kazi?

Kwa macho, ni simu ya mezani kama nyingine. Tofauti ni kwamba huchomekwa kebo ya mtandao, ile ile itumiwayo na kompyuta. Sauti hugeuzwa kuwa vifurushi vidogo vya data na kusafirishwa hadi upande wa pili. Seva ya simu ndiyo inayojua nambari 204 iko ofisi gani na nambari 310 iko zahanati ipi.

Simu nyingi za aina hii hutumia utaratibu uitwao SIP, ambao kanuni zake za msingi zilichapishwa mwaka 2002. SIP hushughulikia kuita, kupokea na kukata simu. Sauti yenyewe hupita njia nyingine iitwayo RTP. Msomaji akumbuke jambo hili, kwa maana ndilo litakalomsaidia kutambua baadhi ya hitilafu mwishoni mwa somo.

Simu hizi hazihitaji intaneti ya kasi kubwa mno. Zikitumia mfumo wa sauti wa G.711, mazungumzo ya watu wawili huchukua takriban kilobiti 87 kwa sekunde kila upande. Hivyo mazungumzo 10 kwa wakati mmoja huhitaji karibu megabiti 1. Kinachodhuru zaidi ni mtandao unaoyumba: sauti hukatikakatika hata kama kasi ni kubwa.

Maana ya kusimamia kutoka mbali

Ni uwezo wa fundi aliye makao makuu kuona kama simu ya zahanati iliyo kilomita 60 iko hai, kubadilisha nambari yake, kuiwasha upya, na kuiwekea toleo jipya la programu, bila kuigusa. Safari ya gari hubaki kwa mambo yanayohitaji mkono wa mtu, kama kebo iliyokatika au simu iliyoungua.

Hatua sita za kuanzisha mfumo

*1. Orodha kamili.* Kila simu ina anwani ya MAC, yenye herufi na tarakimu 12, iliyobandikwa chini au nyuma yake. Hakuna simu mbili zinazopaswa kuwa na anwani moja. Fundi aandike anwani hiyo, ofisi ilipo simu, nambari yake ya ndani na cheo cha anayeitumia. Bila orodha hii, hatua nyingine zote zitakuwa za kubahatisha.

*2. Umeme na mtandao wa ndani.* Simu nyingi hupata umeme kupitia kebo ya mtandao, kutoka kwa swichi maalumu. Kiwango cha kwanza cha teknolojia hiyo, cha mwaka 2003, hutoa hadi wati 15.4 kwa kila tundu, nazo zinatosha simu ya kawaida. Faida yake ni kwamba betri moja ya akiba ikiwekwa kwenye swichi na ruta, simu zote huendelea kufanya kazi stima inapopotea. Simu pia zitengewe njia yake ndani ya mtandao, kando na kompyuta, ili mtu anayepakua faili kubwa asiharibu mazungumzo ya wengine.

*3. Seva ya mipangilio.* Huu ndio moyo wa kazi. Badala ya kupanga kila simu kwa mkono, fundi huweka faili moja kwa kila simu kwenye seva, na jina la faili huwa ile anwani ya MAC. Simu inapowashwa huuliza mtandao, "Mipangilio yangu iko wapi?" Mtandao wa ofisi hujibu kupitia DHCP, mara nyingi kwa chaguo nambari 66, ukiipa anwani ya seva. Simu huchukua faili yake, hujipanga na kujiandikisha. Karani akihamishwa, fundi hubadilisha mstari mmoja tu kwenye faili.

Faili hiyo hubeba nenosiri la simu. Kwa hiyo isafirishwe kwa HTTPS, wala si kwa TFTP ya zamani ambayo haifichi chochote, na seva iikubali simu iliyo kwenye orodha pekee.

*4. Njia salama kati ya ofisi na makao makuu.* Ofisi za mbali ziunganishwe kwa VPN, yaani njia ya faragha ndani ya intaneti ambamo data husimbwa. Ukurasa wa mipangilio wa simu usifikike kutoka intaneti ya wazi. Nenosiri lililotoka kiwandani libadilishwe siku ya kwanza, kwa kuwa manenosiri ya aina hiyo huandikwa kwenye vitabu vya maelezo ambavyo yeyote anaweza kuvisoma.

*5. Uangalizi.* Simu hujiandikisha upya kwa seva kila baada ya muda uliopangwa, kwa mfano kila saa moja. Ikikosa kufanya hivyo, mfumo umtumie fundi ujumbe. Hapo ndipo faida huonekana: hitilafu hujulikana kabla ya mwananchi kulalamika.

*6. Matoleo mapya.* Programu ya simu huhitaji kusasishwa ili kuziba mianya ya usalama. Toleo jipya lijaribiwe kwa simu moja, kisha kwa ofisi moja, ndipo lienezwe kote, na baada ya saa za kazi. Umeme ukikatika katikati ya kazi hii, simu inaweza kuharibika. Mipangilio ya awali ihifadhiwe ili kosa liweze kurudishwa nyuma, maana amri moja mbaya kutoka makao makuu yaweza kunyamazisha ofisi zote kwa dakika chache.

Mlango ulio wazi ni gharama ya umma

Kinachomwezesha fundi kufika kwenye simu akiwa mbali chaweza kumwezesha mwizi pia. Novemba 2016, nchini Ujerumani, takriban wateja 900,000 wa kampuni ya Deutsche Telekom walipatwa na hitilafu za intaneti, simu na televisheni. Chanzo kilikuwa shambulio lililolenga mlango nambari 7547, utumikao kusimamia ruta kutoka mbali. Ruta hizo hazikutekwa, ila ziliporomoka kwa kushambuliwa tu.

Wizi wa kawaida zaidi ni wa muda wa maongezi. Wahalifu hutafuta seva za simu zilizo wazi, hasa kupitia mlango 5060 wa SIP, na kukisia manenosiri. Wakiingia, hupiga simu za nje ya nchi zenye malipo ya juu, mara nyingi usiku au wikendi wakati ofisi hazina mtu. Ankara huja kwa mwenye seva. Kinga ni rahisi: simu za kimataifa zifungwe kwa nambari zisizozihitaji, kiwango cha matumizi kwa siku kiwekwe, na kila nambari iwe na nenosiri lake refu.

Kuna pia faragha. Anayesimamia simu anaweza kuona nani alimpigia nani, na mifumo mingine hurekodi mazungumzo. Mgonjwa anayepigia zahanati hapaswi kufanywa gumzo la ofisi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka taarifa za mtu zikusanywe kwa sababu halali na zilindwe. Kwa hiyo kila fundi awe na akaunti yake, kila badiliko lirekodiwe, na anayeondoka kazini afungiwe siku hiyo hiyo.

Mwisho, vituo vya afya na vya dharura visitegemee simu ya intaneti peke yake. Nambari ya simu ya mkononi ibandikwe mlangoni, kwa sababu mtandao ukianguka, simu zote za mezani huanguka pamoja.

Sehemu ya mkazi

Malalamiko ya "simu zenu hazishiki" humpa fundi kazi ngumu. Mkazi aripoti nambari aliyopiga, siku, saa na alichosikia. Ishara hizi husaidia:

- *Simu inalia lakini haipokelewi:* huenda mfumo ni mzima, na tatizo ni la wahudumu.
- *Anaambiwa nambari haipatikani:* huenda simu haijajiandikisha, au ofisi haina umeme au mtandao.
- *Simu imepokelewa lakini upande mmoja hausikii:* SIP imepita ila njia ya sauti imezibwa mahali fulani. Mara nyingi hili hurekebishwa kutoka mbali.
- *Sauti inakatikakatika:* mtandao umelemewa au unayumba.

Katiba, kifungu cha 35, inampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, nayo Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inaeleza utaratibu. Katika vikao vya bajeti, mkazi anaweza kuuliza ni ofisi ngapi zina simu zinazofanya kazi, na hitilafu huchukua muda gani kurekebishwa.

Vijana waliosomea TEHAMA wanaweza kujifunza kazi hii bila gharama kubwa. Asterisk, programu ya seva ya simu, hupatikana bure na huweza kufanya kazi kwenye kompyuta ya zamani. Simu mbili za mkononi zenye programu ya SIP zinatosha kwa mazoezi ya kwanza.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini orodha ya anwani za MAC hutangulia hatua nyingine zote?
2. Mpigaji asiposikia sauti ingawa simu imepokelewa, ni njia ipi imeziba?
3. Taja mambo matatu yanayozuia wizi wa muda wa maongezi.
4. Je, zahanati iliyo karibu nawe ina nambari ya pili ya kupigia mtandao unapoanguka?