Bundi Amegongwa na Gari: Umsaidieje?

Swali: Daktari, nimemkuta bundi kando ya barabara usiku, bawa linaning'inia. Nianzie wapi?

Jibu: Tafuta taulo au shuka umfunike mwili mzima pamoja na kichwa, asipoona hutulia. Idhibiti miguu mapema, maana silaha yake kubwa ni kucha. Mabawa yalale mwilini, lakini kifua usikibane hata kidogo. Ndege hana kiwambo kama sisi. Hupumua kwa kuinua na kushusha kifua. Akibanwa hukosa hewa na kufia mkononi, na aliyemshika anadhani ametulia. Kisha mtie ndani ya katoni yenye matundu, iliyotandikwa kitambaa, uifunge na kuiweka mahali penye joto, giza na kimya. Watoto wasimfunuefunue. Macho ya watu humtesa kuliko jeraha.

Swali: Nimpe nini ale?

Jibu: Usimpe kitu. Najua inauma kumnyima kiumbe aliyeumia, lakini tundu lake la kupumulia liko mdomoni, nyuma ya ulimi. Maji unayomdondoshea yanaweza kuingia mapafuni. Tumbo la ndege aliyepoa kwa mshtuko nalo halisagi chakula. Maziwa na mkate, ambavyo wengi hukimbilia, si chakula chake hata akiwa mzima.

Swali: Bawa nilifunge kijiti?

Jibu: Nakusihi usifanye hivyo. Mfupa wa ndege huunga upesi, aghalabu ndani ya wiki chache, na ukiunga umepinda kuunyoosha ni kazi ngumu. Plasta nayo hung'oa manyoya. Tazama ukingo wa mbele wa unyoya wa bawa la bundi: una vimeno kama vya kitana, na hivyo husaidia kuuzima mvumo wa hewa anaporuka. Vikiharibika, panya atamsikia akija.

Swali: Hana jeraha lolote, ila amelegea na damu inamtoka mdomoni.

Jibu: Huenda amegongwa akaumia ndani, au amekula panya aliyekula sumu. Mweleze daktari atakayemtibu kama mtaani kwenu watu wanatega sumu ya panya.

Swali: Akipona nimfuge?

Jibu: Sheria ya wanyamapori ya Kenya ya mwaka 2013 hairuhusu kumfuga bila kibali. Wapigie Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS) mapema, usingoje apone. Naivasha na Soysambu kuna vituo vya ndege wawindaji. Bundi mzima huachiliwa jioni, karibu na alipookotwa, kwa kuwa anaijua mitaa yake. Ila mbali na ile barabara.