Damu ni yako, sindano je?

Shemeji yangu alinijia hivi karibuni na swali. Amejifungua miezi mitano iliyopita, na kila akichana nywele zinatoka kwa mafungu. Rafiki zake wamemwelekeza saluni moja ya mjini ambako mtu hutolewa damu yake na kudungwa kichwani au usoni, ati nywele ziote na ngozi irudie ujana. Fedha za upatu ameshaziweka tayari. "Shemeji, si damu yangu mwenyewe? Sasa hatari iko wapi?"

Tiba yenyewe si uzushi. Damu hutolewa mkononi, ikatiwa kwenye kichupa na kuzungushwa kwa kasi na mashine. Chembe nyekundu, kwa uzito wake, huzama chini. Juu hubaki majimaji ya manjano yenye plateleti nyingi, yaani zile chembe zinazogandisha damu tunapojikata. Hizo hubeba protini zinazochochea seli kukua. Kwa upara wa kurithi, tafiti kadhaa zimeonesha kuwa baadhi ya watu huongezeka nywele, baada ya kudungwa mara tatu hivi kwa nafasi ya mwezi, kisha kurudiarudia. Palipokwishakufa mashina ya nywele hapaoti kitu. Kwa upande wa uso, ushahidi ni mdogo kuliko matangazo.

Lakini hatari? Mwaka 2018, huko Albuquerque, jimbo la New Mexico, Marekani, mwanamke mmoja alikutwa na virusi vya Ukimwi bila sababu nyingine ya kueleweka ila kudungwa damu yake usoni. Wakaguzi walipoingia katika saluni ile walikuta vichupa vya damu visivyo na majina juu ya kaunta ya jikoni, vingine ndani ya jokofu pamoja na chakula, na sindano zilizokwisha kufunguliwa zimezagaa kwenye droo. Mwenye saluni hakuwa na leseni ya utabibu, baadaye alifungwa. Mwaka 2024 taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, CDC, ilieleza kuwa wateja watatu yaelekea waliambukizwa humo. Hao nao waliambiwa ni damu yao. Kichupa kisicho na jina ni cha nani?

Basi nikamwambia shemeji aulize: anayedunga ni daktari au muuguzi mwenye leseni? Sindano itafunguliwa mbele yangu? Jina langu litaandikwa kwenye kichupa nikiona? (Wanaopiga hijama mitaani nao waulizwe habari ya nyembe.)

Tena nywele zinazotoka baada ya uzazi kwa kawaida hurudi zenyewe ndani ya mwaka. Zisiporudi, hutazamwa upungufu wa madini ya chuma, tezi ya shingo, mapunye na, jambo ambalo dada zetu hawapendi kulisikia, kusuka kwa kubana mno.

Jumatatu alikwenda kupima damu hospitali. Fedha za upatu bado anazo.