Maumivu na Uchungu: Kazi ya Kemikali za Ubongo

Kiswahili kina maneno mawili ambayo hatuna budi kuyatenganisha tangu mwanzo: maumivu na uchungu. Aliyejikata kwa kisu hupata maumivu. Aliyefiwa huona uchungu. Uchunguzi wa ubongo umedhihirisha kwamba hata katika jeraha moja hali hizo mbili huwamo pamoja, na kwamba moja yaweza kupungua huku nyingine ikibaki.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, daktari wa Kimarekani Henry Beecher aliwauliza askari waliojeruhiwa vibaya huko Italia kama walihitaji dawa ya maumivu. Katika taarifa aliyoitoa mwaka 1946 alieleza kwamba robo tatu hivi walisema hawaihitaji. Si kwamba mishipa yao ya fahamu ilikufa ganzi, kwani askari hao hao walilalamika sana walipochomwa sindano ovyo. Beecher alihukumu kwamba kwao jeraha lilikuwa na maana ya kuondoka vitani wakiwa hai.

Je, maana hupunguzaje maumivu? Habari za jeraha hupita katika uti wa mgongo zikafika ubongoni, na huko hushika njia zaidi ya moja. Njia moja huelekea kwenye gamba la ubongo, mahali panapotambua ni kiungo gani kimeumia na kwa ukali gani. Nyingine huelekea sehemu za ndani zaidi, kama vile singuleti na amigdala, na hizi ndizo zinazotia kero, hofu na hamu ya kukimbia.

Mofini, dawa itokanayo na afyuni, ilitufunulia siri ya sehemu hizo. Wagonjwa wengi wanaopewa mofini husema kwamba maumivu bado yapo, ila hayawasumbui tena. Mwaka 1973 wataalamu wa Marekani na Sweden walithibitisha kuwa chembe za ubongo zina vipokezi ambavyo mofini huviingia kama ufunguo katika kitasa. Lakini kwa nini ubongo uwe na kitasa cha utomvu wa mmea? Jibu lilipatikana Aberdeen, Scotland, mwaka 1975, pale John Hughes na Hans Kosterlitz walipotoa katika ubongo wa nguruwe kemikali mbili zenye kutenda kama mofini. Waliziita enkefalini, na kila moja imeundwa kwa asidi amino tano tu. Ubongo, basi, hujitengenezea dawa yake.

Mwaka 2001 Jon-Kar Zubieta na wenzake wa Chuo Kikuu cha Michigan waliwadunga watu wa kujitolea maji ya chumvi kali katika msuli wa taya, wakapiga picha za ubongo. Kadiri kemikali za namna hii zilivyofanya kazi kwa wingi katika baadhi ya sehemu za ndani, singuleti ikiwa mojawapo, ndivyo mhusika alivyoeleza kero ndogo zaidi.

Kwa hiyo kauli ya kwamba maumivu ya fulani ni ya kichwani tu haina maana; maumivu yote hukamilikia kichwani. Mwanafunzi mwenye ugonjwa wa selimundu aliyecheka na wenzake asubuhi, akalia kitandani usiku, hakumdanganya mwalimu wake. Upweke na hofu vyaweza kuzidisha kero ingawa ugonjwa ni ule ule.

Nilipokuwa masomoni ng'ambo, profesa wetu alinitaka nitie mkono katika ndoo ya maji ya barafu. Mara ya kwanza wenzangu walinishangilia. Mara ya pili nilikuwa peke yangu. Ukali niliupa alama ileile mara zote mbili, lakini kero iliongezeka maradufu. Jaribio hili lafaa darasani: kila mshiriki atie mkono kwa muda usiozidi dakika moja, kisha aandike alama mbili kati ya 0 na 10, moja ya ukali na moja ya kero. Wote washiriki kwa hiari, na aliyechoka autoe mkono mara moja. Wenye selimundu au maradhi ya moyo wasishiriki kabisa, maana baridi yaweza kuwaletea madhara. Wapewe kazi ya kushika saa na kuandika alama.