MAZOEZI YA WACHEZAJI KATIKA FOOTBALL MANAGER

Huenda umewahi kuwaona vijana wamemzunguka mwenzao mbele ya kompyuta, wakishangilia bao ambalo yeye hakulipiga. Huyo anacheza Football Manager. Yeye ni meneja: hununua wachezaji, hupanga kikosi na kusimamia mazoezi. Walioubuni ni ndugu wawili wa Uingereza, Paul na Oliver Collyer. Mchezo wao wa kwanza, Championship Manager, ulitoka mwaka 1992. Jina la Football Manager wakaanza kulitumia mwaka 2004.

Wengi hudhani kuwa ukibonyeza tu, mchezaji atakuwa nyota. La hasha! Kila mchezaji ana sifa zake, kama vile kasi, pasi, ujasiri na umaliziaji, na kila sifa hupewa alama kutoka 1 hadi 20. Nyuma ya sifa hizo kuna namba mbili ambazo meneja haonyeshwi, nazo hufika hadi 200. Moja ni uwezo alio nao sasa, nyingine ni upeo wa uwezo wake. Mazoezi humvuta kuelekea upeo huo, lakini hayawezi kumvusha.

Mimi niliyajua haya kwa uchungu. Likizo ya Agosti binamu yangu aliniachia Arsenal yake. Nikapandisha mshambulizi wa miaka 17 kutoka timu ya vijana, kasi 16, umaliziaji 9. Nikamwekea mazoezi makali maradufu, nikamwongezea ya kumalizia, tena nikamtaka ajifunze kucheza winga. Mechi sikumpa hata moja. Nilisema ataingia akiiva. (Nami nimekalia benchi la timu ya shule tangu kidato cha kwanza! Ningejua zaidi.) Wiki chache baadaye akaumia msuli wa paja mazoezini, nje miezi miwili. Aliporudi umaliziaji ulikuwa 9 ile ile, na kasi imeshuka hadi 15.

Binamu alitazama, akaniuliza, "Kwani umemgeuza punda?"

Ndipo akanifungulia ratiba. Kila siku ya wiki ina vipindi vyake: kushambulia, kukaba, kona na frikiki, na pia kupumzika. Kupumzika nako ni kazi, kwa sababu uchovu ukizidi majeraha huja mbio. Makocha wazuri na viwanja bora vya mazoezi husaidia. Tabia ya mchezaji pia: mvivu hakui upesi hata umpe kocha gani, ndiyo maana vijana huwekwa kundi moja na mzee mwenye bidii ili wamwige. Umri nao una lake. Kasi na nguvu hukua ujanani na kuanza kupungua mtu akipita miaka 30, ilhali busara ya kuamua uwanjani huendelea kukua.

Lakini kubwa kuliko yote, hasa kijana akifika miaka 18, ni mechi. Mazoezi bila mechi humfikisha nusu ya njia tu.

Basi tukamtoa kwa mkopo kwa timu ndogo iliyomchezesha kila wiki, tukampunguzia mzigo, na habari ya winga tukaifuta. Msimu ulipoisha umaliziaji ulikuwa 12. Hata hivyo, mpaka leo binamu haniruhusu kugusa ratiba ya mazoezi akiwa hayupo.