Nani anamlipa mtafiti anayetuuliza maswali?



Somo la leo ni juu ya pesa za utafiti. Kila mwaka wanafika Uvira watu wenye madaftari. Wanakwenda Sange na Luvungi, wanafuata ziwa hadi Makobola na Swima, wanauliza habari za udongo, za ng'ombe, za Mwami, za kabila. Sisi ndio tunaowaonyesha njia na kuwatafsiria.

Siku moja tulipewa karatasi yenye swali: "Wenyeji wa kweli wa hapa ni nani?" Tulipolisoma mbele ya wazee, wote walinyamaza. Katika bonde la Ruzizi watu wamekufa kwa ajili ya swali hilo. Tuliomba libadilishwe. Tukajibiwa kwamba maswali yalikwisha kukubaliwa na mlipaji, huko mbali. Mwishowe tuliuliza tu nani analima pale na tangu lini. Ripoti yenyewe hatujaiona hadi leo.

Basi inafaa tujue pesa hizo zinatoka kwa njia gani. Tuchukue Uingereza, ambayo imelipia tafiti nyingi nchini Kongo. Mwaka 1965 waliunda Baraza la Utafiti wa Sayansi za Jamii. Pesa ni za serikali, lakini wanaochagua mradi wa kulipiwa ni wataalamu, siyo waziri. Mwaka 1981 waziri Keith Joseph, ambaye hakuziamini sana sayansi hizo, alimwomba Lord Rothschild alichunguze baraza. Rothschild alishauri lisivunjwe. Likaokoka, lakini mwaka 1983 likapewa jina jipya, Baraza la Utafiti wa Uchumi na Jamii, na neno "sayansi" likatolewa. (Kumbe hata kule mwenye pesa anajua kununa!)

Tena kuna taasisi huru, kama Overseas Development Institute ya London, iliyoanzishwa mwaka 1960. Siyo ya serikali, lakini watafiti wake wanaishi kwa mikataba. Kuanzia mwaka 2011 iliongoza utafiti wa miaka mingi juu ya maisha ya raia katika nchi zenye vita, Kongo ikiwa mojawapo, na mlipaji mkubwa alikuwa wizara ya misaada ya Uingereza. Wizara hiyo iliunganishwa na ile ya mambo ya nje mwaka 2020. Mwaka 2021 misaada ilishushwa kutoka asilimia 0.7 ya pato la taifa hadi 0.5, na mabaraza ya utafiti yakajikuta na upungufu wa pauni milioni 120. Miradi iliyokwisha kuanza ilikatwa katikati. Raia aliyeahidiwa kuletewa matokeo hakuulizwa.

Kwetu, Wabelgiji walianzisha IRSAC mwaka 1947, makao yake Lwiro. Kituo chake cha Uvira kilichunguza ziwa na samaki. Mambo ya watu yalifanyiwa kazi Astrida, nchini Rwanda. Kituo cha Uvira kingalipo, ni cha serikali, nacho ni cha hidrobiolojia. Anayetaka kuchunguza mizozo ya udongo hutafuta mlipaji wa nje, na mlipaji huja na maswali yake. Watafiti wa Bukavu pamoja na wenzao wa Ubelgiji wameandika wazi, tangu mwaka 2019, jinsi msaidizi wa hapa anavyobeba hatari barabarani na jina lake lisionekane kwenye kitabu.

Kwa hiyo, mgeni akija kwenu, mwulizeni kwanza: nani analipa? Swali likiwa baya, nani ana ruhusa ya kulibadilisha? Nani atarudi kutusomea matokeo, kwa Kiswahili au Kifuliiru? Asiyeweza kujibu la pili, msimkusanyie watu.

Sisi, tangu siku ile, hatutafsiri karatasi ambayo hatujakaa nayo siku mbili. Mgeni mmoja alikasirika, akatafuta mtafsiri mwingine. Mwingine alikaa nasi Kalundu hadi usiku, tukaandika upya maswali tisa.