Diski Mpya, Herufi Nyingine: Hesabu Zimekwenda Wapi?

Somo la toleo hili linahusu jambo linaloonekana dogo, lakini ambalo lilikaribia kutupotezea hesabu za mradi wa maji.

Diski kuu ya kompyuta ya ofisi yetu hapa Kimandolu ilikuwa imeanza kutoa mlio wa tiki-tiki baada ya umeme kukatika na kurudi mara nyingi. Fundi kutoka mjini alitufungia diski mpya, akaweka Windows upya, kisha akarudisha mafaili kutoka diski ya zamani iliyokuwa bado inasomeka. Tukamlipa, tukamshukuru. Kesho yake mhazini alifungua programu ya hesabu, nayo ikamjibu kwamba haioni D:\HESABU. Akanipigia simu: "Mwalimu, hesabu zote zimefutika, na ripoti ya wafadhili ni Ijumaa!" Nikamwambia, "Mama, tulia kwanza, usibonyeze chochote mpaka nifike."

Hakuna kilichokuwa kimefutika. Hesabu zote zilikuwa E. Herufi D ilikuwa imechukuliwa na kisomeo cha CD.

Ili kuelewa jambo hili, fikiria namba ya foleni unayopewa zahanati. Leo wewe ni namba 4, kesho ni namba 9, lakini mgonjwa ni yuleyule na kadi yake ina jina lake. Herufi ya diski ni namba ya foleni. Haikuandikwa ndani ya diski. Imeandikwa katika daftari la ndani la Windows ya kompyuta ile. Ukiweka Windows upya, daftari linaanza ukurasa mpya na herufi zinagawiwa tena. Kwa kawaida Windows inajipa C, kisomeo cha CD kinapata D, na sehemu ya diski inayotengenezwa baadaye inapata inayofuata. (A na B zilikuwa za diski laini. IBM PC ya mwaka 1981 ilitumia hizo, na IBM PC XT ya mwaka 1983 ilipokuja na diski kuu ya megabaiti 10, hiyo ikawa C. Diski laini zimekwisha, C imebaki palepale.)

Sasa nikiri kosa letu. Kwa haraka ya ripoti, hatukurekebisha herufi. Tuliielekeza programu ya hesabu isome E, ikafanya kazi, ripoti ikaenda. Tukaielekeza pia programu ya nakala ya akiba ichukue mafaili kutoka E. Lakini mahali pa kuyapeleka tuliacha kama palivyokuwa: E:\NAKALA. Zamani E ilikuwa diski ya nje, ile inayofungiwa kabatini. Sasa diski ya nje ilikuwa F. Kwa hiyo kila Ijumaa jioni, kwa muda wa miezi miwili, kompyuta ilichukua hesabu kutoka E na kuziweka E, ndani ya diski ileile, na kutuandikia kwamba kazi imekamilika. Diski ile ingekufa, hesabu na nakala yake vingekwenda pamoja. Tuligundua siku mjumbe mmoja wa kamati alipofungua diski ya nje kwenye kompyuta nyingine, akakuta faili la mwisho ni la kabla ya fundi kuja.

Dawa yenyewe ni ya dakika tano, na ni ileile kuanzia Windows XP hadi Windows 11. Funga programu zote. Bonyeza kitufe chenye alama ya Windows pamoja na R, andika diskmgmt.msc, kisha bonyeza Enter. Utaona diski zote zikiwa na ukubwa na herufi zake. Tambua diski yako kwa ukubwa na kwa mafaili yaliyomo, si kwa herufi. Ibonyeze kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua Change Drive Letter and Paths, halafu Change, na uipe herufi yake ya zamani. Kama herufi hiyo ina mwenyewe, mhamishe kwanza huyo. Sisi tulipeleka kisomeo cha CD kwenye Z, ambako hakimsumbui mtu, tukairudisha sehemu ya hesabu D na diski ya nje E. Kisha tukarudisha D katika programu zote mbili.

Wakati wa kazi hii kompyuta inaweza kukuuliza kama unataka kufomati diski fulani. Kataa. Kufomati hakurekebishi herufi, kunafuta. Hapo ndipo ofisi nyingi hupoteza kumbukumbu ambazo hazikuwa zimepotea.

Herufi C yenyewe, penye Windows, usiiguse. Chombo hiki hakitakuruhusu, na ni vizuri. Tatizo la C huja pale fundi anaponakili diski nzima ya zamani kwenda mpya, halafu anawasha kompyuta zote mbili zikiwa zimefungwa. Windows inaikumbuka ya zamani kama C na kuipa mpya herufi nyingine. Katika Windows XP matokeo yake yalikuwa unaandika neno la siri, inaingia, na papo hapo inakutoa. Mwambie fundi wako mapema: akimaliza kunakili, azime, aichomoe diski ya zamani, na awashe mara ya kwanza ikiwa na diski mpya peke yake. Kama kosa limeshatokea, marekebisho yako ndani ya daftari la Windows, mahali paitwapo MountedDevices, na hapo si pa mhazini.

Jambo moja zaidi, ambalo laiti tungelifanya tangu mwanzo. Diski inaweza kupewa jina, na jina, tofauti na herufi, huandikwa ndani ya diski na kusafiri nayo. Bonyeza diski kwa kitufe cha kulia, chagua Rename, andika HESABU au NAKALA. Kwa herufi kubwa za kalamu ya wino, andika jina hilohilo juu ya kasha la diski ya nje. Halafu Ijumaa hii, baada ya nakala kukamilika, ichomeke kwenye kompyuta nyingine na mtazame tarehe ya faili la mwisho mkiwa wawili.